Spika ya kushoto inakwaruza: usiagize seti nzima ya valvu bado

Mkuu, umesema amplifaya yako inakwaruza upande wa kushoto, sauti inafifia na kurudi, na umeshaamua kuagiza valvu zote saba (zile taa za kioo zinazokuza sauti): EL34 nne, zile kubwa, na ECC83 tatu, zile ndogo. Subiri kidogo. Mimi nilifanya hivyohivyo. Nilibadilisha zote siku moja, nikawasha, nikakaa kusikiliza roho kwatu. Nusu saa haikuisha, makwaruzo yakarudi yaleyale. Ubovu haukuwa kwenye valvu hata moja, ulikuwa kwenye soketi: vidaka vya pini vilikuwa vimeshika uchafu, na ile chomoa chomeka yangu ilivisugua kwa muda mfupi tu. Nikabaki na valvu saba nzima kwenye droo.

Valvu ina uzuri mmoja ambao transista haina: inachomoka kwa mkono. Na amplifaya ya stereo ina pande mbili zinazofanana, kwa hiyo tayari unazo spea za kujaribia. Anza na nyaya zinazoingiza sauti, zibadilishane kushoto kwa kulia. Tatizo likihama, amplifaya haina kosa. Likibaki, zima, acha ipoe, kisha badilishana ECC83 za pande mbili, jozi moja kila safari. Makwaruzo yakihamia kulia, umeshamkamata mwizi. Yakibaki kushoto, tafuta kwenye soketi, resista au kapasita. Zile EL34 ziache za mwisho, kwa sababu ukizihamisha lazima upime upya bayasi, yaani kiasi cha mkondo unaopita kwenye valvu wakati hakuna sauti, nitaeleza chini.

Kuna majaribio mengine ya haraka. Gonga kila valvu ndogo taratibu kwa ncha ya penseli yenye kifutio huku sauti ikiwa chini. Mlio hafifu ni kawaida, lakini ikilia kama kengele ndani ya spika, hiyo imechoka. Tazama pia ile rangi ya fedha ndani ya kioo. Ikigeuka nyeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu imekufa, usiichomeke tena. Mwanga wa buluu unaocheza kwenye kuta za kioo za valvu kubwa usikutishe. Mimi uliwahi kunikosesha usingizi bure.

Sasa hatari, na hapa sitanii. Ndani ya amplifaya ya aina hii kuna volti 400 au zaidi, na kapasita zinaweza kushika chaji hata baada ya kuchomoa plagi. Kubadilisha valvu kwa juu hakuhitaji kufungua kifuniko cha chini. Ukikifungua, pima kapasita kwa mita kwanza, uhakikishe zimeshuka karibu na sifuri, ndipo uguse. Na usiwashe kamwe bila spika kuunganishwa: transfoma ya kutolea sauti ikikosa mzigo inaweza kuungua, na hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kuipata.

Kuchomoa: EL34 ishike kwenye kitako, si kwenye kioo. Ina pini 8 na mti wa katikati wenye ukingo unaoonyesha upande wa kuingilia. Mti huo ukivunjika valvu inaweza kuingia kwa pembe yoyote, na volti kubwa ikaenda pasipotakiwa, kwa hiyo iliyovunjika mti itupe. ECC83 haina kitako. Ina pini 9 nyembamba, izungushe kidogo sana huku unaivuta juu wima. Kwa soketi chafu, paka pini dawa ya kusafishia viunganishi, ichomeke na kuichomoa mara tano sita, acha ikauke. Mimi makwaruzo yaliishia hapo.

Kama kweli itabidi ununue, majina yasikuchanganye. ECC83 na 12AX7 ni kitu kimoja, moja ni jina la Ulaya na jingine la Marekani. ECC81 na ECC82 zinaingia kwenye soketi ileile, ila nguvu ya kukuza ni nyingine: ECC83 ni 100, ECC81 ni 60, ECC82 ni 20 hivi. ECC88 nayo inaingia vizuri kabisa, na huo ndio mtego, maana nyaya zake za kupashia moto zimepangwa tofauti. Usijaribu.

Tukija kwenye bayasi. Amplifaya nyingine hujipanga zenyewe kwa resista iliyo kwenye kathodi (sehemu ya valvu inayotoa elektroni kwenda anodi), hizo unachomeka na kusikiliza. Nyingine zina skrubu ndogo za kurekebisha, na wataalamu huziita za bayasi isiyobadilika, jina la ajabu kwa kitu ambacho ndicho pekee unachokibadilisha! Yangu ni ya hivi. Muuzaji aliniambia EL34 zake "zinalingana", nikaziweka bila kugusa skrubu. Dakika kumi baadaye anodi ya mojawapo, ile sahani ya kijivu ya ndani, ilikuwa nyekundu kama mkaa. Nilichomoa plagi ukutani kwa kukimbia. Kulingana kwake kulikuwa kati ya valvu na valvu. Na amplifaya yangu hazikuwa zimewahi kukutana.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Anodi ya EL34 inavumilia wati 25. Lenga asilimia 70 yake, yaani 17.5. Gawanya kwa volti za anodi, tuseme 400, unapata miliampia 44 hivi. Kama kuna resista ya omu 1 kwenye kathodi, milivolti moja ni miliampia moja, kwa hiyo mita isome 44. Kitabu cha amplifaya kikitaja namba nyingine, fuata kitabu. Kabla ya kuchomeka mpya, shusha skrubu zote hadi mkondo mdogo kabisa. Washa, subiri dakika 15, panda polepole, valvu moja baada ya nyingine, kisha rudia mzunguko, kwani ukigusa moja zingine husogea. Pima tena kesho yake.

Leo fanya hilo la nyaya na ECC83 tu, halafu uje useme makwaruzo yamehama au yamebaki kushoto. Taja pia kama yako ina skrubu za bayasi.