Moshi wa jikoni na afya ya mtoto aliye tumboni

Swali: Daktari, nina mimba ya wiki 11. Napikia mkaa ndani, na nyumba yetu iko kando ya barabara ya malori. Ni kweli moshi unaweza kumletea mtoto unene au kisukari baadaye? Nivae barakoa?

Jibu: Moshi unaongeza uwezekano, dada, lakini hauamui hatima yake. Chembe zinazotusumbua ni zile za chini ya maikroni 2.5 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Pua haizizuii, zinafika mwisho wa mapafu na nyingine huingia kwenye damu. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hasselt, Ubelgiji, waliyakuta masizi kwenye kondo la nyuma, upande wa mtoto. Kondo likidhoofika, chakula na oksijeni hupungua, na mtoto huzaliwa na mwili uliozoea kubana matumizi. Akilishwa kupita kiasi, mafuta hurundikana na insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, hufanya kazi kwa shida. Ushahidi kwa binadamu una nguvu zaidi kwenye unene kuliko kwenye kisukari chenyewe.

Mkaa hautoi moshi mwingi kama kuni, na hapo ndipo unapodanganya. Unatoa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu yako na hata zaidi kwenye ya mtoto. Barakoa ya N95 inayobana vizuri hupunguza chembe, gesi hiyo haiizuii. Ya kitambaa usiitegemee kabisa.

Kwa hiyo jiko litoke nje tangu kuwasha hadi kuzima. Makaa mekundu yasiyotoa moshi bado yana gesi. Usiwashie nailoni. Maharage yaloweke usiku kucha, yataiva haraka. Dirisha la upande wa barabara lifunge saa za foleni, fungua la nyuma.

Mtungi wa gesi ukiwezekana, chukua, na mkaa uache kabisa. Ila usitarajie miujiza: katika utafiti wa Rwanda, India, Peru na Guatemala, wajawazito waliopewa gesi walivuta chembe mikrogramu 24 hivi kwa mita ya ujazo, wenzao wa kuni na mkaa 71, lakini uzito wa watoto haukutofautiana kwa maana. Waliingia kwenye utafiti mimba ikiwa na wiki 9 hadi chini ya 20. Shirika la Afya Duniani linataka wastani wa chembe hizo kwa mwaka usizidi mikrogramu 5.

Kliniki, omba kipimo cha sukari wiki ya 24 hadi 28. Mtoto akizaliwa chini ya kilo 2.5, mnyonyeshe maziwa yako tu miezi 6, na usikimbilie kumnenepesha. Fuata mstari wa kadi yake.