Maswali yenu kwa mpanda miti: kamba ya Memorial, jakaranda la Njiro na nyuki wa kwenye mti wa mruka

Wadau habari za saa hizi. Maswali yamejaa kwenye simu na mengine yanafanana kwa hiyo nimeyaunganisha, naanza na hili la kamba maana ndo linaloulizwa sana na ndo linaloua watu.

Nimeona kamba ya kupandia mlima pale soko la Memorial, ni mtumba lakini bado inang'aa, jamaa anaiuza bei chee. Nichukue nianzie kazi? (Pasua, Moshi)

Mdogo wangu kabla hujatoa hela shika ncha ya kamba uisome. Kamba nyingi za wapanda miamba zina alama kwenye ncha, utaona namba 1 ndani ya kaduara, na kama karatasi yake ipo imeandikwa EN 892, hiyo EN ni namba ya viwango vya Ulaya. Hiyo ni kamba ya kuvutika, imetengenezwa hivyo makusudi ili mtu akidondoka mwambani isimkate kiuno, sasa wewe wa kwenye mti huihitaji kabisa, unapanda kidogo inakurudisha, unapanda inakurudisha, unafika nusu ya mti umeshachoka na ukitaka kutulia ukate tawi unaning'inia unadundadunda kama bendera ya harusi. Yetu sisi ni ile isiyovutika sana, EN 1891 aina A, unene milimita 11 mpaka 13, na ukichungulia ndani ya ncha iliyokatwa utakuta kautepe kembamba kameandikwa hiyo namba na mwaka iliotengenezwa.

Haya, tuseme umekuta ya aina sahihi. Bado nakuuliza ilikaa wapi? Moshi hapa vifaa vya mlimani vinazunguka sana, wageni wakishuka wanawaachia wapagazi, kampuni nazo zinauza vya zamani, na vingine ni vizima kabisa sikatai. Ila kamba haisemi ilikotoka. Imepigwa jua miaka mingapi, ililala kwenye buti ya gari pamoja na betri, ilitumika kuvuta Land Rover iliyozama kwenye tope? Asidi ya betri inakula nailoni na kwa macho huoni kitu. Msimamo wangu ni kwamba viatu, glavu, begi, hata koti la mvua chukua Memorial bila wasiwasi, ila hanesi (ile mikanda ya kujifunga mwilini), kamba na karabina (zile pete za chuma zenye mlango za kuunganishia) nunua mpya hata kama itabidi ujichange kwanza huku unafanya kazi ya chini kwa mwenzio. Karabina iwe ile inayojifunga yenyewe na kuifungua lazima uizungushe na kuivuta, maana ile ya skrubu ukisugua sugua kwenye gome inajifungua polepole wewe hujui. Ubavuni pawe pameandikwa kN 22 kwenda juu, hiyo ni kama kilo 2,200. Zile za kutundikia funguo usinitumie picha tena jamani.

Na hanesi ya mlima si hanesi ya mti, ya mti ina kiti kipana na mbele kuna kamba fupi inayotelezesha pete kushoto na kulia ili ugeuke bila kupinda mgongo. Ukikaa juu masaa mawili utaelewa kwa nini naisisitiza.

Nina jakaranda kubwa nyuma ya nyumba, jirani anasema nilikate kichwa kabla ya mvua lisije kuniangukia. Naogopa lakini nalipenda. (mama mmoja, Njiro)

Mama shikamoo. Jirani yako ana nia njema ila ushauri wake ndo utakuletea hilo analoliogopa. Mti ukikatwa kichwa unapaniki, unatoa machipukizi mengi yaliyonyooka kwenda juu, yanarefuka haraka mno na yameshikilia kwenye ganda la nje tu, hayana mzizi ndani ya mti kama tawi la asili. Wakati huo huo lile jeraha kubwa la juu linaingiza maji na kuoza kushuka chini. Kwa hiyo miaka michache mbele una mti mrefu uleule, una matawi dhaifu juu, na shina lenye uozo. Ukipita mitaa ya Arusha angalia jakaranda zilizowahi kukatwa vichwa, utaziona zina mafagio juu.

Kinachotakiwa ni kupunguza. Unatoa matawi makavu kwanza, halafu yanayosuguana, halafu yale marefu yanayoelekea kwenye paa unayafupisha mpaka kwenye tawi dogo lililo hai ambalo litaendelea kuwa ncha. Usikubali fundi atoe zaidi ya robo ya majani kwa mara moja. Tawi zito linakatwa mara tatu, kwanza kidogo kwa upande wa chini wa tawi, mbali na shina, pili kwa upande wa juu, mbele ya ule mkato wa kwanza ili tawi lidondoke bila kuchana gome, mwisho unasafisha kale kakipande kalikobaki. Na huo mkato wa mwisho usiingie kwenye ule uvimbe uliozunguka sehemu tawi linapotokea, wala usiache kisiki kirefu. Ukikata hapo nje tu ya uvimbe mti wenyewe unafunga.

Kuna mtaalamu mmoja wa Marekani, Alex Shigo, alipasua maelfu ya miti kwa chensoo akionyesha kwamba mti hauponyi kidonda kama sisi, unajenga ukuta kuuzungushia uozo na kuendelea na maisha. Ndo maana kupaka rangi au oili chafu kwenye jeraha hakusaidii, rangi hiyo bora upake geti.

Fundi akija muulize swali moja tu, utakata wapi? Akikuonyesha kidole juu akasema tunasawazisha yote hapa, mpe chai aende zake.

Vile vyuma vya miguuni vya kuchoma kwenye mti vinasaidia? (Usa River)

Spaiki ni za mti unaoangushwa. Mti unaobaki hai hupandi na spaiki, kila hatua ni tundu kwenye gome na tundu ni mlango wa magonjwa. Nimemaliza.

Siku yako ya kazi ikoje, unaanza saa ngapi, unapanda miti mingapi? (mwanafunzi, Ilboru)

Wengi mnadhani kazi ni juu, kiukweli nusu ya kazi inaisha kabla miguu haijatoka ardhini. Saa kumi na mbili na nusu nakunywa chai na chapati, saa moja tupo saiti. Nauzunguka mti polepole, naangalia uyoga kwenye mizizi, nyufa, udongo uliotitia upande mmoja, nagonga shina kwa nyundo kusikiliza kama lina uwazi ndani, naangalia juu kama kuna tawi kavu lililonasa linalosubiri mtu. Mkaratusi ndo simwamini kabisa, unaweza kuangusha tawi zima siku ambayo hata upepo hakuna.

Halafu tunarusha kamba nyembamba yenye kifuko kizito mbele, kama gramu 300 hivi, inapita juu ya tawi nene, kamba nyembamba inavuta kamba ya kupandia. Hapo tunajining'iniza watu wawili kwa pamoja tukiwa bado chini, tawi likilia tunatafuta jingine. Ndo napanda sasa, na fundo linalonishika ni lile la Prusik au ndugu zake, kamba ndogo iliyozungushwa kwenye kamba kubwa, ukiweka uzito inabana ukiisukuma inateleza. Karl Prusik alikuwa mpanda milima wa Austria, alilitoa mwaka 1931 na mpaka leo tunakula nalo ugali.

Juu nikitaka kuwasha chensoo nakuwa nimefungwa sehemu mbili, kamba kuu na ile fupi ya kiunoni yenye waya ndani, maana chensoo ikigusa kamba moja ndo hiyo hiyo uliyokuwa nayo. Nikiwa tayari naita "nashusha!", sikati mpaka wa chini ajibu "shusha!". Asipojibu nakaa hata dakika kumi. Wa chini naye amevaa helmeti, na kazi yake ngumu kuliko zote ni watoto na wapita njia, Watanzania tunapenda sana kusimama chini ya mti unaokatwa tuone litaangukia wapi.

Najitahidi saa saba niwe nimeshuka, mchana upepo unachachamaa na mikono imechoka. Baada ya hapo ni kukatakata matawi, kupakia kirikuu, jirani mwenye mbuzi kaja na kamba yake kuchukua majani, mwenye mti anataka kuni zake zipangwe vizuri. Jioni ni kunoa cheni na kuchanganya mafuta, petroli lita 5 na oili ya tustroku mililita 100. Mingapi kwa siku? Mti mmoja mkubwa ni siku nzima, wakati mwingine mbili.

Mgrevilea wangu umegusa nyaya, utanitoza shilingi ngapi? (Majengo, Moshi)

Bure, maana sipandi. Piga simu TANESCO wazime au waje wenyewe. Tawi bichi linapitisha umeme, kamba iliyolowa inapitisha, na zile laini kubwa za kilovolti 11 na 33 si lazima uziguse, ukizikaribia tu zinakufuata. Ukiona fundi anakwambia yeye anajua ujanja wake, usimlipe advansi.

Umewahi kukutana na nyuki juu? (Kibosho)

Hii imenichekesha maana Kibosho ndo kwenyewe. Kulikuwa na mruka mkubwa katikati ya migomba, kama mita 20 hivi, mwenye shamba kasema hakuna kitu humo. Nimefika kwenye panda ya kwanza naona gome pembeni ya tundu limelainika na kung'aa kama limepakwa mafuta, rangi ya kahawia iliyoiva, na nyuki watatu wanne wanaingia kimya kimya bila haraka. Tundu linaingia ngumi tu. Ile alama ya kung'aa ndo geti lao, miguu yao imepita hapo miaka. Nilishuka na kamba bila kuongea, chensoo hatukuiwasha hata chini, maana mtikisiko na kelele ndo vinawatoa. Tukampigia mzee mmoja wa mizinga, alikuja usiku na moshi wake, akawahamisha, na asali kagawana na mwenye shamba, mimi nikapewa kachupa.

Kwa hiyo kabla ya kupanda kaa dakika kadhaa uangalie matundu jua likiwa limetoka. Na kisu cha kukata kamba kiwe kifuani, ila ujue kimebaki cha dharura ya kweli, wapo waliokata kamba kwa hofu ya nyuki wakadondoka.

Malipo yakoje na ukianguka nani anakulipa? (Sakina)

Bei hatutoi kwa simu, mti uleule ukiwa shambani na ukiwa katikati ya bati mbili ni kazi mbili tofauti, wa kwanza unauangusha wa pili unaushusha vipande vipande kwa kamba. Mti wa barabarani usiniite kabla hujapita halmashauri, na hata wa kwako anzia ofisi ya mtaa au kijiji uulize kibali.

Kuhusu kuanguka, kama umeajiriwa mwajiri wako anatakiwa akuchangie WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa na sheria ya mwaka 2008, na mchango ni wa mwajiri haukatwi kwenye mshahara wako, kwa hiyo uliza kama amesajili. Ukiwa deiwaka unayejitegemea tafuta bima ya ajali binafsi. Lakini kabla ya bima, awepo mtu wa pili saiti anayejua kupanda na mwenye hanesi yake pale chini, si kwenye gari lililoenda kumwaga matawi. Mtu akizimia juu akabaki ananing'inia kwenye hanesi damu inabaki miguuni, hizo ni dakika, huwezi kusubiri zimamoto.

Ni kweli mti mrefu kuliko yote Afrika uko Kilimanjaro? Ushaupanda? (Marangu)

Kweli kwa miti ya asili ya Afrika, na nyie ni majirani zake. Uko kwenye bonde la mlimani huko, watafiti wakiongozwa na Andreas Hemp walitangaza mwaka 2016 kuwa una mita 81.5, jina la kitaalamu Entandrophragma excelsum, ukoo mmoja na mkangazi. Sijaupanda, uko ndani ya hifadhi. Halafu piga hesabu, kamba yangu ni mita 45, ukiikunja mara mbili inanifikisha kama mita 22, pale ningeishia kwenye magoti yake.

Kamba inafuliwaje? (Kaloleni, Arusha)

Maji ya baridi na sabuni ya kawaida isiyo kali, Jiki hapana. Suuza sana, anika kivulini, isiguse petroli. Ikikauka ipitishe yote kwenye vidole polepole, ukikuta sehemu imelainika kupita kiasi, imekuwa ngumu au bapa, hapo kata, kipande kirefu kilichobaki kizima endelea nacho na hicho kifupi wape watoto bembea ya chini chini.