Steringi mwenye mvi na utamu wa kisasi

SWALI: Napenda filamu za kisasi ambazo steringi wake ni mtu wa makamo, mkimya, kavaa suti safi. Wenzangu wanasema ni ngumi zilezile za vijana, tofauti ni mvi tu. Umri unaongeza nini hasa?

JIBU: Unaongeza gharama. Kijana akitupwa ukutani tunajua atainuka. Mwenye miaka 55 akitupwa, macho yetu yanakimbilia mkono wake: atashika wapi, goti lipi litatangulia, pumzi itarudi lini. Kila pigo linampunguza na akiba yake ni ndogo, hivyo inambidi apige hesabu kabla ya kupiga mtu. Katika The Equalizer (2014) Denzel Washington, mzaliwa wa 1954, anasimama katikati ya maadui, anakagua chumba kwa macho, kisha anabonyeza saa yake ya mkononi kabla ya kuanza. Pambano lenyewe ni fupi. Kinachotunasa ni kuona ujuzi uliolala miaka mingi ukiamka.

Umri pia unampunguzia mwandishi maelezo. The Limey (1999) ni mfano mzuri kuliko yote: Terence Stamp ni baba aliyetoka jela, anawasaka waliohusika na kifo cha binti yake. Mwongozaji Steven Soderbergh alichukua vipande vya Poor Cow, filamu ya 1967 ambamo Stamp alikuwa kijana, akavifanya kumbukumbu za mhusika. Unaona miaka 30 ya kweli imepita juu ya uso mmoja, na hapo unaelewa kwamba huyu baba anadai pia muda ambao hakuna wa kumrudishia. Vipodozi haviwezi kazi hiyo.

Na suti si pambo. Anayefunga vifungo vya mikono ya shati taratibu kabla ya kutoka anatuonyesha nidhamu yake. Shati jeupe likianza kuloa damu, tunasoma hasara bila neno kusemwa. Suti ikibaki imenyooka mpaka mwisho, tumedanganywa.

SWALI: Tunaandaa filamu fupi, steringi wetu ana miaka 58. Pambano la kwenye ngazi linaonekana la uongo ingawa tumekatakata picha ili kuficha udhaifu wake.

JIBU: Kukatakata ndiko kunakomuumbua. Katika Taken 3 kuna mahali Liam Neeson anaruka uzio, na tendo hilo la sekunde chache limekatwa zaidi ya mara kumi. Watazamaji waliona kinachofichwa. Punguzeni pambano libaki na vitendo sita hadi nane, kila picha ikae sekunde tatu hadi tano, kamera irudi nyuma mpaka miguu ionekane. Fanyeni mazoezi kwa nusu ya kasi hadi mwili ukariri, ndipo muongeze. Bob Odenkirk alifanya mazoezi kwa takriban miaka miwili kabla ya Nobody (2021), na katika pambano la ndani ya basi inaonekana wazi: anapigwa, anachoka, lakini ni yeye mwenyewe.

Mwacheni ashike kishikio cha ngazi, aegemee ukuta, amvute adui ateremke kwa uzito wake mwenyewe. Sehemu ya kuanguka mpeni mwigizaji mbadala, mkimpiga picha kutoka mgongoni. Pambano likiisha, msikate: mpeni sekunde kumi za kuhema. Na kama aliumia mkono wa kulia, onyesho linalofuata afungue mlango kwa kushoto.