Kim akifa, Korea zinaungana?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimepata skolashipu ya masta Seoul, tasnifu yangu itahusu muungano wa Korea. Kuna jamaa YouTube anasema Kim Jong Un, kiongozi wa Kaskazini, akifa tu mpaka unafunguka kama ukuta wa Berlin 1989. Nijenge hoja hapo?

JIBU: Marahaba mwanangu, hongera sana, ila hapo usijenge. Hilo la Berlin naulizwa kila wiki na linanichosha kwelikweli. Kim wawili, babu yake na baba yake, wameshakufa wakiwa madarakani, 1994 na 2011, mpaka ulifunguka? Ujerumani Mashariki ilikuwa na watu kama milioni 16 wakapokelewa na wenzao zaidi ya milioni 60, bomu la nyuklia la kwao hawakuwa nalo, na Gorbachev, kiongozi wa Kisovieti, akagoma kutuma vifaru. Huku Kaskazini wako kama milioni 26, Kusini milioni 51 na kitu, kipato cha mtu wa Kusini kinazidi mara ishirini, nyuklia zipo, halafu kuna China, iliyoingiza jeshi kwenye Vita vya Korea 1950 Wamarekani walipousogelea mpaka wake, leo ndo itakaa iangalie tu?

Na Kaskazini yenyewe neno muungano imeshalifuta. Mwisho wa 2023 Kim alitangaza kuwa hizi ni dola mbili zenye uhasama, Januari 2024 likavunjwa lile tao la muungano la Pyongyang, wanawake wawili wa mawe wamevaa nguo za asili wameinua ramani ya Korea nzima, Juni akasaini mkataba na Putin, Oktoba wakalipua barabara za kwenda Kusini, na wanajeshi wake wakaenda kuipigania Urusi kule Kursk dhidi ya Ukraine. Mtu mwenye Urusi mgongoni anakimbilia Seoul kutafuta nini?

Kusini nako katiba bado inasema rasi yote ni yao, ila hamu ya vijana imepoa, utawasikia mwenyewe ukifika.

Jamani, hawa wapiga ramli wa mtandaoni wanapoteza wanafunzi wengi, leo Korea, kesho Taiwan, keshokutwa Iran, kila utawala kwao unaanguka wiki ijayo. Anayekupa tarehe muulize zile nyuklia atazishika nani siku ya kwanza, na wanajeshi zaidi ya milioni moja watakula wapi. Akinyamaza, zima simu usome.

Tasnifu yako ianzie kwa familia zilizotenganishwa. Kusini walijiandikisha zaidi ya 130,000 kutafuta ndugu zao, mara ya mwisho kukutanishwa ilikuwa Agosti 2018 pale mlima Kumgang, upande wa Kaskazini. Wengi wameshafariki na waliobaki wengi wamevuka miaka 80, kwa hiyo ukifika Seoul hao ndo uwahi kuwahoji, maktaba itakusubiri.