Umetolewa tonsesi na una kisukari? Weka tochi chini, shika mashine ya sukari

Najua ukifika tu nyumbani utapanua mdomo mbele ya kioo na tochi ya simu, sote tunafanya, na utakachokiona kitakutisha: utando mweupe pande zote mbili pale tonsesi zilipokuwa, halafu mdomo unanuka. Huo siyo usaha jamani. Ni gamba la kidonda, sema kooni kuna unyevu muda wote kwa hiyo halikauki likawa jeusi kama la mguuni. Hata masikio kuuma ni kawaida. Dada yangu alipochungulia akataka kukimbilia famasi kununua antibayotiki, nikamwambia hebu tulia kwanza.

Ila infeksheni sisi wa kisukari tuiogope kweli, sukari ikikaa juu zile chembe nyeupe za damu zinakuwa goigoi na kidonda kinachelewa kupona. Mimi nilikuwa napima asubuhi, kabla ya kula na kabla ya kulala. Mwanzoni ilipanda, nikauliza, nikaambiwa mwili umeshtuka kwa kukatwa, na pia kwenye operesheni hizi wengi huchomwa deksamethasoni ya kuzuia kutapika, nayo ni steroidi, inapandisha sukari kwa siku moja mbili hivi. Hiyo inatulia. Ya kuogopa ni ile iliyokwisha kutulia halafu inapanda tena na wewe unakunywa uji mtupu, hasa kama kuna homa.

Hapo rudi hospitali, usisubiri kukuche. Vilevile shingo ikivimba, mdomo ukigoma kufunguka au mate yenyewe hayamezeki, maana jipu la shingoni linaweza kuteremka hadi kifuani, hilo siyo la kusukutua maji ya chumvi. Na damu mbichi, ambayo ikija mara nyingi huwa ni kati ya siku ya 5 na 10 gamba linapobanduka, hiyo ni emajensi siku yoyote ile.

Kuna na sukari kushuka: koo linauma, huli, lakini umechoma insulini kama kawaida, utaanguka. Muulize daktari mapema, kabla ya operesheni, dozi ya siku usiyokula ni ipi, na HbA1c yako (kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita) ikiwa juu sana msione vibaya kusogeza tarehe. Dawa ya maumivu meza nusu saa kabla ya chakula ili ule kweli.

Wageni watakuja na aiskrimu na juisi za boksi, shukuru, wape watoto, boksi moja tu lifiche la siku sukari ikishuka.