Vitabu vya kanjo viliishia wapi?

SWALI: Assalam aleikum Mwalimu. Marehemu baba alikua na ploti kwenye mji mmoja wa huku pwani na kodi alikua akilipa kila mwaka kwa kanjo, lile baraza la mji la zamani, risiti ninazo mpaka leo kwenye kibweta chake. Juzi nimekwenda kulipa naambiwa nadaiwa tangu miaka ya tisini, nikatoa risiti, yule kijana akanambia kwenye kompyuta hazionekani. Sasa mi nauliza, vile vitabu vya kanjo vilikwenda wapi, na miaka yote hio hakuna aliyekua akivikagua?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Kabla ya yote hizo risiti zipige fotokopi leo leo, wino wa zamani na unyevu wa bahari havipatani.

Swali lako la ukaguzi, hili ni la zamani kuliko kanjo wenyewe. Enzi za Sultani wa Zanzibar forodha za pwani, ya Lamu ikiwemo, zilikua zikikodishwa kwa mfanyabiashara, jumba la biashara la Jairam Shivji lilizishika miaka mingi karne ya 19, yeye anampa Sultani kiasi walichopatana kwa mwaka na kinachozidi ni chake, sasa hapo Sultani akague daftari la nini na pesa yake ishafika?

Kuja Mwingereza, na baadae Kenya huru, ndio tukapata mabaraza yale ya Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura 265. Kwenye karatasi kila kitu kilikuweko, mweka hazina, karani, kitabu cha mapato, na mkaguzi wa serikali anakuja. Tatizo ni kua mkaguzi hukagua hesabu zilizofungwa, na mabaraza mengi yalikua yakichelewa kufunga hesabu miaka na miaka, mkaguzi akifika karani ashahamishwa, vocha hazionekani, na mchwa nao washakula chao. Halafu mwaka 1969 serikali kuu ikachukua shule, afya na barabara kutoka kwa mabaraza ya kaunti, na vyanzo vikubwa vya mapato vikaenda nayo. Wakabaki na kodi za ploti, leseni na soko. Yani ile pesa ndogondogo inayopita mkononi mwa karani mmoja mmoja, na hio ndio ngumu kabisa kuifuata kama kitabu hakipo.

Kilichowashtua kidogo ni ule mfuko wa LATF, sheria yake ya 1998, asilimia 5 ya kodi ya mapato ya nchi nzima ilikua ikigawiwa mabaraza, lakini sehemu ya mgao ilitaka baraza lilete kwanza hesabu zake na orodha ya madeni. Mi naona hapo ndipo wengi walipoanza kutafuta mafaili kwa bidii, mapenzi ya hesabu yalikuja pesa ilipofungwa kamba nayo!

Sasa vitabu vyenyewe. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013 mabaraza 175 yakafa, zikazaliwa kaunti 47, na Mamlaka ya Mpito ikapewa kazi ya kuhesabu mali na madeni ya yale ya zamani. Muda wake ukaisha 2016 kazi haijamalizika, ikarithiwa na kamati nyengine. Kwa hivyo ukiambiwa "kwenye kompyuta haionekani" usidhani maana yake baba hakulipa. Kompyuta inajua kile ilicholishwa tu, na kama kitabu cha mwaka ule hakijaingizwa basi deni linasimama pale pale kama jiwe. Na si wewe tu unayeteseka, Mkaguzi Mkuu naye akikosa nyaraka huandika kua hawezi kutoa maoni yoyote juu ya hesabu zile, na kwangu mimi hio ni mbaya kuliko kuambiwa umekosea, maana aliyekosea angalau ana karatasi ya kuonyesha.

Ufanye nini? Risiti yako ina ndugu yake, nakala ya kaboni iliyobaki kwenye kitabu, na zote mbili zina namba moja. Andika barua, taja namba ya risiti, tarehe, namba ya ploti, omba waitafute nakala ile, na yako ipigwe muhuri wa kupokelewa (usiondoke bila muhuri, hata wakikwambia rudi kesho). Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa siku 21 wakujibu. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu wanaita Ombudsman, pamoja na fotokopi ya barua yenye muhuri. Risiti asli usimwachie mtu, akitaka kuiona aione mkononi mwako.