Maswali Yenu: Kwa Gari Kutoka Nairobi Hadi Chalbi na Ziwa Turkana

Likizo zikikaribia, barua kuhusu kaskazini huwa nyingi, na nafurahi kuona Wakenya wanatamani kuijua nchi yao hadi huko. Lakini karibu zote zinauliza ni kilomita ngapi. Ni wachache mno wanaouliza wabebe maji kiasi gani, au giza litawakuta wapi. Nimechagua maswali ambayo majibu yake yatawafaa wengi.

Tuko wanne na tuna siku tatu. Tunaweza kufika jangwa la Chalbi, tulione Ziwa Turkana, na kurudi Nairobi Jumapili usiku? (Msomaji, Ruiru)

Hapana, na nimeshalijibu swali hili mara nyingi mno. Nairobi hadi Isiolo ni kama kilomita 280. Isiolo hadi Marsabit ni 260 hivi. Kote ni lami, na hata hivyo siku nzima inaisha ukisimama kula na kunyoosha miguu. Ukitoka Marsabit kuelekea Maikona, Kalacha na North Horr, hali inabadilika kabisa. Kuna mawe meusi ya volkano yanayochana tairi ubavuni, kuna mchanga, kisha uwanda wenyewe wa chumvi. Ramani ya simu haiyajui hayo. Inahesabu umbali kwa mwendo inaoudhania, inakuambia saa chache, nawe unaiamini hadi jua linapozama ukiwa mahali usipopajua jina.

Safari hii ni ya wiki moja. Siku ya kwanza laleni Archer's Post, ya pili Marsabit, ya tatu Kalacha au North Horr. Ya nne fikeni Loiyangalani mapema, na ya tano msiende popote, kaeni ziwani. Ya sita rudini kwa njia ya Laisamis, ya saba mfike nyumbani. Kama wiki haipatikani, nendeni Marsabit pekee na mrudi mkiwa wazima. Wanaonitia hofu ni wale wanaotoka Nairobi Ijumaa usiku ili "kuokoa muda". Hao ndio wanaofika kwenye laga, mito mikavu inayojaa ghafla mvua ikinyesha, wamechoka, macho mazito, na hawana subira ya kushuka kupima kina cha maji.

Gari langu ni Probox. Litafika? (Msomaji, Nakuru)

Marsabit, ndiyo. Hata Moyale litafika. Chalbi, hapana, wala usimsikilize rafiki yako aliyewahi kulifikisha huko. Tafuta gari la juu linalovuta kwa magurudumu yote manne, lenye tairi mbili za akiba zilizo nzima, jeki inayofanya kazi kwenye mchanga pamoja na ubao wa kuiwekea chini, na pampu ya upepo, kwa kuwa utapunguza upepo wa tairi kwenye mchanga na kuurudisha ukifika kwenye mawe. Bora zaidi nendeni magari mawili. Gari moja likikwama peke yake huko, watu wake hubaki kumtazamia mpita njia, na mpita njia anaweza kuja kesho.

Nilienda hadi Moyale na sikuona jangwa la Chalbi popote. Je, limetiwa chumvi na wanaolisifu? (Msomaji, Mombasa)

Chalbi iko magharibi ya barabara hiyo, ndugu yangu. Ulichopita baada ya Marsabit ni nyanda za mawe za Dida Galgalu. Swali hili huja kila mwaka kwa maneno mengine, na dawa yake ni kuitazama ramani kabla ya kuwasha gari.

Kati ya Isiolo na Marsabit hakuna cha kuona. Niipite haraka? (Msomaji, Eldoret)

Ungeuliza bila kutoa hukumu kwanza. Sehemu hiyo peke yake inatosha siku mbili. Ukiteremka kutoka Timau kuelekea Isiolo, nchi nzima ya kaskazini inafunguka chini yako na joto linaanza kuingia dirishani. Isiolo kula nyirinyiri, nyama iliyokaushwa na kuhifadhiwa kwenye mafuta, na unywe chai ya maziwa ya ngamia, na ununue vitu vyako papo hapo. Tabia ya kujaza gari bidhaa za duka kubwa la Nairobi na kupita miji hii bila kuacha hata shilingi mia siipendi, na nimeisema hapa mara kadhaa. Mwenye hoteli wa Laisamis ndiye atakayekutafutia fundi gari likiharibika. Mfahamu kabla hujamhitaji.

Archer's Post kuna mto Ewaso Ng'iro, na hifadhi tatu zimeukumbatia: Samburu, Buffalo Springs na Shaba. Mbele kidogo unauona mlima Ololokwe, mwamba uliokatika wima upande mmoja. Unapandwa kwa miguu, na muongozaji wa Kisamburu ni wa lazima. Anza alfajiri, maana saa nne jua limeshakuwa kali. Kwenye ardhi hiyohiyo, ambayo ni hifadhi ya jamii ya Namunyak, nje ya barabara kuu, kuna kituo cha Reteti kinacholea ndovu yatima, kilichofunguliwa mwaka 2016 na kinachoendeshwa na wenyeji wenyewe. Baada ya hapo ni Merille, Laisamis, Logologo, na jangwa la Kaisut pande zote mbili. Halafu ghafla unapanda Marsabit, mlima wenye msitu na ukungu, na unatafuta sweta. Ndovu Ahmed, yule aliyelindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta kuanzia 1970 hadi alipokufa 1974, alikuwa wa msitu huu. Ziwa Paradise lililo ndani yake hukauka ukame ukizidi, kwa hiyo uliza hali kabla ya kulipia kiingilio kwa ajili ya ziwa tu. Kreta ya Gof Redo iko karibu na mji, na ukisimama ukingoni jioni utaelewa mlima huu ulivyotokea.

Hiyo ndiyo sehemu "isiyo na cha kuona".

Kwa kuwa sasa kuna lami, naweza kuendesha usiku ili kukwepa joto? (Msomaji, Meru)

Usifanye hivyo. Ngamia na punda hulala juu ya lami kwa sababu inabaki na joto, na ngamia ukimgonga miguu, mwili wake unaingia kwenye kioo cha mbele. Kabla ya lami hii kukamilika, magari yalikwenda kwa msafara yakisindikizwa na polisi, na watu walipanga siku yao yote kulingana na mwanga. Lami imetupa mwendo tukaisahau nidhamu ile. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi, uwe umesimama saa kumi na moja jioni.

Maji na mafuta kiasi gani? (Msomaji, Nairobi)

Hatimaye. Maji ni lita 10 kwa kila mtu kwa kila siku mtakayokuwa nje ya lami: nusu ya kunywa, nusu ya kupikia na kunawa. Rejeta ina dumu lake peke yake. Ongeza maji ya siku mbili ambazo hamkuzipanga. Yagawe kwenye madumu kadhaa, kwa sababu dumu moja kubwa likipasuka mmebaki bila kitu. Usihesabu maji ya Ziwa Turkana: ni ya magadi, yana floridi nyingi, hayafai kunywewa. Wala usihesabu visima vya njiani kana kwamba ni vya umma. Kwa Wagabra na Waborana kila kisima kina wenyewe na zamu yake ya kunyweshea, na mifugo iliyotembea siku nzima haiwezi kungoja wewe uoshe gari. Omba. Ukiambiwa baada ya ngamia hawa, subiri.

Mafuta: jaza Isiolo, jaza tena Marsabit, na ubebe ya akiba. Mbele ya hapo ni mapipa na madumu, bei iko juu, na siku nyingine hakuna. Bebeni pia pesa taslimu za noti ndogo, kwani M-Pesa haina kazi pasipo na mtandao.

Nikifika Chalbi nikate katikati au nifuate njia ya pembeni? (Msomaji, Thika)

Fuata alama za magari yaliyotangulia, na kama imenyesha wiki hiyo usiguse uwanda kabisa. Chalbi ilikuwa ziwa zamani za kale. Juu unaona ganda jeupe limekauka na kupasuka, unadhani ni sakafu, kumbe chini bado ni tope. Gari likizama hadi ekseli, kulitoa ni kazi ya siku nzima, na kivuli hakuna. Misimu ya kuikwepa ni Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba. Laga nazo zina hatari yake: mvua hunyesha milimani, mbali na wewe, na maji yanakufikia chini ya anga safi. Usipige hema ndani ya laga hata kama mchanga wake unakuvutia.

Naweza kuruka na droni? (Msomaji, Kisumu)

Ukiwa na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Bila hicho iache nyumbani.

Ningependa watoto waone mahali alipopatikana Turkana Boy. Ni karibu na Loiyangalani? (Mwalimu, Machakos)

Ni ng'ambo ya ziwa, mwalimu. Mifupa ile ya kijana wa binadamu wa kale ilipatikana Nariokotome, upande wa magharibi, mwaka 1984, na aliyeiona kwanza ni Kamoya Kimeu, mtafuta visukuku, mtu wa kwenu Ukambani, jambo ambalo ningependa watoto wako walijue kabla ya mengine yote. Upande wa mashariki kuna Koobi Fora, eneo jingine la visukuku, ndani ya hifadhi ya Sibiloi, nayo ni safari nyingine kutoka Loiyangalani. Watoto waonye pia wasiogelee: mamba ni wengi. Mahema yafungwe kwa mawe mazito, maana upepo wa usiku hapo si wa kubahatisha.

Tunataka picha nzuri za wenyeji na za ile mitambo ya upepo. Kuna shida? (Msomaji, Nairobi)

Mtu ana haki ya kukataa, na akikataa usimpige kwa kujificha ndani ya gari. Akikubali kwa malipo, mpatane kabla. Waelmolo, wavuvi wa ukingo wa ziwa, hasa wamechoshwa na magari yanayosimama dakika kumi, yakachukua sura zao na kuondoka bila hata salamu. Ingia kijijini, salimu wazee, nunua samaki.

Mitambo ile, ya Lake Turkana Wind Power, ni 365, uwezo wake ni megawati 310, na umeme wake ulianza kuingia gridi ya taifa mwaka 2018. Utaiona vizuri ukirudi kwa njia ya Sarima na Laisamis. Ukiwa hapo kumbuka pia kesi yake: mwaka 2021 mahakama mjini Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo zilipatikana kinyume cha utaratibu. Watu wanaoiita nchi hii tupu ndio wanaofanya iwe rahisi kuichukua.

Badala ya Laisamis, naweza kurudi kwa South Horr, Baragoi na Maralal? Naambiwa inapendeza zaidi. (Msomaji, Nyeri)

Inapendeza, kweli. Bonde la South Horr lina kivuli na maji, jambo adimu upande huo. Lakini wizi wa mifugo umeua watu wengi kati ya Baragoi na bonde la Suguta, wakiwemo polisi zaidi ya 40 waliovamiwa Novemba 2012, na hali hubadilika ndani ya siku moja. Ukiwa Loiyangalani, uliza kituo cha polisi, kisha uliza madereva wa malori walioingia jana yake. Hao wawili wakitofautiana hata kidogo, pita Laisamis.